Alama ya Chaki ya Njano

Mzee Chaki hakuwa na haraka na gari la mtu yeyote. Likiingia kwenye mstari wake pale kituo cha ukaguzi, liwe la tajiri au la kubebea mchanga, alilizunguka kwanza taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayechagua ng'ombe wa kununua. Kisha alichutama, akatoa nyundo yake ndogo mfukoni, akagonga nati za magurudumu moja moja huku ameinamisha sikio. Nati iliyokaza inalia kivyake na iliyolegea inalia kivyake, na masikio yake yalikuwa yamezoea. Baada ya hapo alilipapasa tairi kwa kiganja kuona kama meno yake bado yana kina. Likimridhisha, alilichora alama ya vema kwa chaki ya njano, yenye mkia mrefu uliopinda kidogo mwishoni. Hapo ndipo alipoliacha na kwenda kwenye tairi la pili.

Chaki hiyo ndiyo iliyompa jina. Wakaguzi wenzake hawakuwa nayo wala hawakuona kazi yake.

"Mzee, matairi manne tu nayo unayasahau?" walimtania.

"Kichwa changu kimejaa wajukuu," aliwajibu bila kuinua macho. "Hakina nafasi ya matairi."

Jambo jingine watu walilolijua ni kwamba hakupokea chai ya mtu. Dereva akimkunjia kitu kwenye kiganja, Mzee Chaki alikirudisha polepole, akamwambia, "Kanunulie breki." Kwenye mstari wa pili, ambako alikaa kijana mmoja mwenye miwani ya jua, magari yalipita kama maji kwenye mfereji. Kwa Mzee Chaki foleni ilisimama mpaka madereva wakashuka kunyoosha miguu. Hata hivyo walikuja kwake. Stika yenye sahihi yake ilikuwa na heshima barabarani. Trafiki akiiona kwenye kioo cha mbele anapunga mkono tu, na mtu anayetaka kukodi gari akiiona haulizi zaidi.

Tena walikuja wamejiandaa. Miaka ya nyuma alikuwa akiyarudisha magari mengi sana kwa ajili ya matairi vipara. Siku hizi ilikuwa nadra kuliona tairi bovu kwenye mstari wake. Jambo hilo lilimfurahisha, na akifika nyumbani jioni alimsimulia mkewe.

"Watu wameelimika, mama. Ukishikilia ukweli bila kugombana na mtu, mwishowe wanakuelewa."

"Mungu ni mwema," mkewe alisema, akimmiminia chai.

Mkewe alikuwa na tabia iliyowachekesha majirani. Hakupanda gari kabla ya kusoma stika. Kondakta apige kelele, abiria wasukumane, yeye anakwenda kwanza mbele ya kioo, anakaza macho, anasoma, na akiiona sahihi yenye mkia mrefu anapanda ametulia kama anaingia sebuleni kwake. "Hili limepita mikononi mwa mume wangu," alimwambia aliyekaa naye, hata kama hakuulizwa.

Basi Ijumaa moja asubuhi iliingia pikapu ya kubebea mbao. Mzee Chaki aliizunguka, akachutama kwenye gurudumu la mbele, akagonga nati zote, akapapasa tairi. Lilikuwa zuri, meno yamesimama. Akatoa chaki, akanyoosha mkono ili achore.

Alama ilikuwepo tayari.

Alidhani macho yanamdanganya. Akalifuta vumbi kwa kidole. Ilikuwa vema ya njano, imefifia kidogo, mkia wake mrefu umepinda mwishoni. Mtu anaujua mwandiko wake hata akiukuta ukutani kwa jirani. Aliinuka, akaenda gurudumu la nyuma, akainama. Nayo ilikuwepo. Akazunguka upande wa pili. Vilevile.

"Pikapu hii ililetwa hapa wiki hii?" alimuuliza dereva.

"Hapana, mzee. Ndiyo mara ya kwanza tangu mwaka uanze."

"Una hakika?"

"Mzee, ningekuja hapa mara mbili kutafuta nini? Foleni yako hii mtu anaweza kuota ndevu."

Wengine kwenye foleni wakacheka. Mzee Chaki hakucheka. Aliendelea na kazi, akaikuta breki nzima, taa zinawaka, usukani hauna mchezo. Hakukuwa na sababu ya kuikataa. Sheria haisemi kwamba tairi lenye chaki halipiti. Alitia sahihi kwa mkono uliotaka kukataa, akabandika stika, kisha akamwomba mwenzake amshikie mstari kidogo akanywe chai.

Hakwenda kunywa chai. Alitoka kwa geti kubwa, ambalo hakuwa na kawaida ya kulipita, maana nyumbani kwake ni upande wa mlango mdogo wa wafanyakazi. Alitembea nyuma ya pikapu iliyokuwa inakwenda kwa mwendo wa mtu asiye mbali na anakokwenda. Ilikata kona baada ya ukuta wa kituo, ikaingia kwenye uchochoro, ikasimama. Wanaume wawili wenye jeki waliifuata mbiombio kama wauguzi wanaopokea mgonjwa, na kabla Mzee Chaki hajafika, gurudumu la kwanza lilikuwa limeshatoka.

Uchochoro mzima ulikuwa gereji. Matairi mazuri yalipangwa upande mmoja ukutani, yameoshwa yanang'aa. Upande wa pili yalilala vipara, kila rundo na kibao cha namba ya gari lake. Katikati, akiwa ameshika spana, alisimama mdogo wa mkewe. Shemeji yake huyo ndiye aliyekula mezani kwao kila Jumapili baada ya ibada, na alipoulizwa kazi alijibu, "Niko kwenye matairi." Mzee Chaki siku zote alielewa kwamba anauza.

Shemeji alimwona, akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Leo umetukumbuka, shemeji. Jamani, mleteeni mkuu kiti."

Fundi mnene aliyekuwa chini ya gari alichungulia kama kobe. "Ndiye yeye? Ndiye Mzee Chaki mwenyewe? Shikamoo, mzee. Sisi hapa tunakula kwa jasho lako."

"Kwa jasho langu?"

"Sasa je? Mstari wa pili mtu anapita na vipara vyake, anamwachia yule kijana chai, huyo kaondoka. Kwetu hafiki. Wanaokuja kukodi hapa ni wa kwako wote. Wewe ukilegea wiki moja tu, watoto wetu wanalala njaa."

"Kila siku namwombea maisha marefu," mwenzake alidakia, na wote wakacheka kwa moyo mweupe, kama watu wanaomsifu mgeni wa heshima.

Kiti kililetwa. Mzee Chaki hakukaa. Alitazama matairi aliyoyagonga na kuyapapasa dakika chache zilizopita yakibingirishwa kwenda ukutani, na mengine yakibingirishwa kuja. Akanyoosha mkono akashika mojawapo ya yale yaliyokuwa yanarudi. Lilikuwa laini kama shavu, na sehemu moja nyuzi za ndani zimeanza kuchomoza.

"Haya tunayaita viatu vya shule," shemeji alieleza, akilipiga kofi tairi zuri lililokuwa karibu naye. "Gari linavaa, linakwenda kwa mwalimu, likirudi linavua. Nyumbani linakwenda pekupeku."

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Mambo haya."

Kicheko kilipungua usoni mwa shemeji. Alimtazama vizuri. "Shemeji, unanitania. Unataka kusema ulikuwa hujui?"

Mzee Chaki alilitazama tena lile tairi laini mkononi mwake.

"Alama zako tunazifuta kila jioni kwa tambara lenye maji. Jana fundi alikuwa na msiba, hakufuta. Lakini sisi tulijua unajua. Tulisema, mzee ni mtu wa Mungu, hataki kushika kwa mkono wake, ila anatuachia tule. Hata Jumapili nikikaa mezani kwako nilikuwa nasema moyoni, huyu ndiye shemeji."

Kama kuna siku Mzee Chaki alitamani kutukanwa, ni hiyo. Tusi angeliweka mahali. Shukrani ile hakujua aiweke wapi. Alikishika kile kiti alichokataa kukalia. Kumbe foleni yote ile, nati zote alizozigonga kwenye jua, ugumu wake aliouona kuwa ni ibada, ndivyo vilivyokuwa duka la watu hawa.

"Na mabasi?" aliuliza.

"Mabasi yana seti yao. Ile pale."

"Na lile la bluu? Linalowachukua akina mama wa kanisani kesho?"

Shemeji aligeukia jeki kama imemwita. "Lilikuja juzi."

"Lilivaa?"

"Lilivaa."

"Dada yako anapanda basi hilo. Linashuka mteremko wa zile kona."

"Dada hakuniambia kuwa ni hilo," shemeji alisema polepole, akaiweka spana chini.

Mzee Chaki alirudi kituoni akaingia moja kwa moja kwa mkuu wa kituo, mtu mpole aliyependa kukaa karibu na feni. Alimweleza yote bila kupumzika. Mkuu alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Lile basi ulipolikagua lilikuwa zima?"

"Lilikuwa limevaa matairi ya kuazima, mkuu."

"Nimekuuliza lilikuwa zima?"

"Mbele yangu lilikuwa zima."

"Basi. Sisi tunakagua gari lililo mbele yetu, mzee wangu. Likishatoka getini ni mali ya trafiki. Mimi sina mkono wa kunyoosha mpaka barabarani, na wewe huna."

"Niifute stika yangu."

"Stika haifutwi. Inaisha muda wake." Alimtazama kwa huruma ya kweli. "Nenda nyumbani upumzike. Umefanya kazi yako vizuri."

Alikwenda mpaka njia panda alikosimama trafiki. Trafiki alikuwa anamfahamu, akampigia saluti ya utani. Alipoelezwa habari ya basi la bluu aliguna.

"Mzee, nilikamate kwa kosa gani? Mmiliki atanionyesha stika. Nitatazama sahihi, nitaona ni ya nani? Ni ya kwako. Nimpeleke mtu mahakamani kwa shahidi ambaye ameshaandika kwamba gari ni zima?"

Njiani kurudi nyumbani jua lilikuwa bado kali, na magari yalikuwa mengi. Hakuwahi kuhesabu stika zake ziko wapi, wala siku hiyo hakuhesabu, zilijileta zenyewe. Kwenye kioo cha teksi, mkia mrefu uliopinda. Kwenye lori la saruji. Kwenye gari dogo lililojaa mikungu ya ndizi na mama amempakata mtoto mbele. Kila lililompita alisikia mlio wa mpira kwenye lami. Mtu mmoja alimpigia honi akampungia mkono, "Mzee Chaki," akapita. Naye alisimama pembeni, nyundo mfukoni.

Alimkuta mkewe anapiga pasi sare ya kwaya. Alimwambia akiwa bado amesimama mlangoni. Mkewe aliisikiliza habari yote pasi ikiwa juu ya kitambaa, mpaka harufu ya kuungua ikamshtua akaiinua.

"Mimi ndiye niliyelichagua," alisema. "Akina mama walitaka lile jeupe, lina viti vizuri. Nikawaambia hapana, hili la bluu lina sahihi ya mume wangu. Mimi ndiye niliyewaambia."

"Ulikuwa huna kosa."

"Na mdogo wangu? Mezani petu pale?" Alikaa kitandani. "Nilikuwa nambariki kila Jumapili. Nikisema, Baba, ibariki kazi ya mikono yake."

Alimpigia simu mdogo wake, haikupokelewa. Alimpigia mwenye basi. Huyo alipokea, akasikiliza, akacheka kwa upole. Alisema matairi ya zamani alishayatoa, anafunga mengine jioni hiyo hiyo, na mzee aje asubuhi ayakague mwenyewe mbele ya akina mama wote. Mkewe alipokata simu walitazamana. Walitamani sana kuamini, wakaamini.

Asubuhi basi la bluu lilikuwa limesimama uwanjani mwa kanisa, limeoshwa. Akina mama wa kwaya walikuwa wameshapanda, vikapu vyao na maturubai yamefungwa juu, na wimbo umeanza ndani. Dereva, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, alimkaribisha Mzee Chaki kwa mikono miwili.

"Karibu, mzee. Kazi kwako. Mapya matupu."

Ya mbele yalikuwa mazuri. Ya nyuma, yaliyo nje, mazuri. Mzee Chaki alichutama akapitisha kucha katikati ya meno ya tairi, akaitazama. Ilikuwa na unga wa njano. Tambara lenye maji lilikuwa limefuta juu tu. Gurudumu la nyuma la basi lina matairi mawili yanayokaa pamoja, la nje na la ndani. Kituoni gari hupanda juu ya shimo, mkaguzi akashuka chini yake na kuyaona ya ndani. Uwanjani pale hapakuwa na shimo. Aliingiza mkono kati ya matairi mawili, ukakwama kwenye kiwiko. Mkono wake ulikuwa wa mtu wa nyundo.

"Mama," alimwita mkewe. "Hebu njoo uniazime mkono wako."

Mkewe alikuja, akapandisha mkono wa sare yake, akapiga goti. Mkono wake mwembamba uliingia mpaka begani, shavu lake likalala kwenye mpira. Akina mama walichungulia madirishani. Wimbo ulififia kiti kwa kiti.

"Nishike nini?"

"Papasa tu. Niambie."

"Hakuna meno," alisema. "Ni laini. Ni laini kama..." Akautoa mkono ghafla. Kidole kilikuwa kinatoka damu. "Kuna waya. Mume wangu, kuna waya zimetoka nje, zimesimama kama miba."

Mzee Chaki alimgeukia dereva. Dereva hakuona hata aibu. "Ya ndani nani anayaona?" alisema. "Bosi alikodi ya kuonekana."

Akina mama walianza kunong'ona. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kwanza kwaya nzima, alitokeza mlangoni.

"Baba, tusiivunje safari kwa sababu ya mpira. Tumeiombea wiki nzima. Mungu atatufunika."

Mke wa Mzee Chaki alikuwa anafunga kidole kwa kitambaa cha kichwa. Hakupandisha sauti. "Mama Mwenyekiti, tulimwomba atulinde. Sasa ametushikisha waya. Tunataka atuonyeshe nini tena?"

Mwenyekiti alimtazama, akatazama kitambaa kilichoanza kuwa chekundu. Kisha alishika chuma cha mlango, akashuka. Wengine wakashuka nyuma yake, mmoja mmoja, na vikapu vyao, kimya kama wanaotoka msibani. Mama mmoja mzee alipofika chini alikwenda kwenye gurudumu, akaliangalia muda mrefu, kisha akakaa kwenye nyasi akashika tama.

Yangeishia hapo. Lakini dereva alitema mate pembeni akapanda kwenye usukani.

"Sawa, wakubwa. Msiopenda msipande. Pale stendi abiria wamejaa tangu alfajiri wanangoja kushuka mteremko huo huo, na hakuna atakayelala chini kunishikashika tairi." Aligonga kioo kwa kidole, kwa ndani. "Stika ninayo."

Mzee Chaki alitazama pale kidole kilipogonga. Stika ilikuwa mpya, pembe zake zimenyooka, na sahihi ya wino mweusi imetulia na mkia wake. Aliwaona watu wa stendi kama vile amesimama nao: mama na mtoto mgongoni, mwanafunzi na sanduku, wakiinua macho kwenye kioo, wakisoma, wakipanda wametulia.

Alipanda kwenye bampa akaanza kuikwangua kwa kucha, kwa nje, mpaka akakumbuka kwamba alikuwa ameibandika kwa ndani mwenyewe, kama utaratibu unavyotaka, ili mtu asiiharibu.

"Shuka, mzee," dereva alisema akiwasha injini.

"Zima gari, mwanangu."

"Nimesema shuka."

"Zima gari. Nakuomba."

Dereva alikanyaga mafuta, basi likatetemeka. Mzee Chaki alitoa nyundo mfukoni. Wote waliomfahamu, na pale uwanjani walimfahamu wote, hawakuwahi kumwona akipiga hata meza. Aliinua nyundo akaigonga stika yake katikati. Mlio ulikuwa mdogo, kama wa kikombe kikianguka. Akagonga mara ya pili, na nyufa zikakimbia kioo kizima mpaka kikawa cheupe kama utando wa buibui, na dereva ndani hakuonekana tena.

Injini ilizimwa. Mtoto mmoja aliyekuwa anasukuma tairi la baiskeli nje ya ua alisimama, mdomo wazi, tairi lake likaenda lenyewe mpaka likaanguka.

Trafiki wa njia panda alifika baada ya muda, akiwa ameitwa na dereva. Alilizunguka basi. Hakuinama kwenye magurudumu. Hakuwa na haja. Alisimama mbele akatikisa kichwa.

"Kioo kimepasuka hivi? Hapana. Gari hili haliendi popote." Akatoa funguo kwenye usukani akazitia mfukoni. "Hili ni kosa wazi kabisa. Linahatarisha maisha ya abiria."

Mzee Chaki, ambaye alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kanisa, alianza kucheka. Alicheka mabega yakipanda na kushuka, na hakuweza kujizuia, mpaka mkewe alipokaa karibu naye akaona kwamba mashavu yake yamelowa.

"Na wewe, mzee," trafiki alisema, bila kumtazama usoni. "Umeharibu mali ya mtu. Inabidi twende."

"Twende wote," mkewe alisema, akainuka akamshika mkono. Walikwenda hivyo barabarani, yeye na sare ya kwaya na kidole kilichofungwa, mumewe na unga wa njano kwenye kucha.

Hakulala mahabusu, maana mwenye basi hakutaka mambo yafike mbali, mambo yakifika mbali yanaulizwa. Lakini kazi ilimtoka. Barua ilisema ametumia kifaa cha ofisi kinyume cha utaratibu. Mkuu wa kituo alimletea mwenyewe nyumbani, akanywa chai, akasema anasikitika, na alisikitika kweli. Mstari wa kwanza alipewa mtu mwingine. Wanasema unakwenda haraka siku hizi.

Uchochoro ule, fundi mnene alimwambia walipokutana njiani, umebaki mtupu. Hakuna wa kukodi. "Ulituua, mzee," alisema, wala hakuwa na kinyongo. Alikuwa anatafuta kazi ya ujenzi. Mzee Chaki alimuuliza, kama hakuna wa kukodi, magari yanapitaje. Fundi alimtazama kwa mshangao uleule wa siku ile. "Yanapita, mzee. Yanapita tu."

Shemeji hajarudi mezani. Kila Jumapili dada yake anamwekea sahani, anaifunika, na jioni anaifunua. Hajasema mengi juu yake. Ila katika sala, pale alipokuwa akisema ibariki kazi ya mikono yake, siku hizi anafika hapo anasita, kisha anasema, "Mrudishe."

Na stika za Mzee Chaki bado zipo barabarani, muda wao haujaisha. Juzi walikuwa wanakwenda hospitali. Basi dogo lilisimama, kondakta akaruka chini akianza kuita. Kwenye kioo cha mbele mkia mrefu ulikuwa umepinda pale pale. Mkewe hakwenda mbele ya kioo. Alipandisha mkono wa gauni, akapiga goti kwenye vumbi, akauingiza mkono kati ya magurudumu ya nyuma, shavu kwenye mpira.

"Mama, umeangusha nini huko?" kondakta aliuliza. "Tunachelewa."

"Sijaangusha kitu, mwanangu. Ngoja kwanza."

Mzee Chaki alisimama pembeni, mikono nyuma, akitazama chini. Abiria walipiga kelele madirishani. Halafu mama mmoja aliyekuwa ameshakaa, hata hawakumjua, alishuka, akamwuliza mkewe kwa sauti ya chini, "Unashika nini, dada?" Na aliposogezewa nafasi, naye akapandisha mkono wa gauni lake.